Tangu nishike bunduki ya rangi usingizi umenikimbia. Ni thina, au ni kitu kingine?

#1 Sprei_Ndeeba
Wakuu salaam. Mimi ni fundi wa gereji hapa Ndeeba. Zamani nilikuwa upande wa kunyoosha bodi, nyundo na gesi tu, na nikigusa godoro nimekwenda. Tangu mzee wa gereji anihamishie kwenye kupiga rangi, usingizi umekuwa vita. Napanda kitandani saa nne, mpaka saa saba macho yako wazi na moyo unadunda. Usingizi ukija unakuja na ndoto za vurugu, nashtuka nimelowa jasho. Asubuhi kichwa kizito, mdomoni ladha ya thina. Juzi nimesahau hata rangi ambayo mteja alitaka, na alikuwa ameniambia saa hiyohiyo.

Kinachonifanya nishuku thina ni hiki: Krismasi nilienda nyumbani Arua, nikalala vizuri kabisa. Nimerudi Kampala, wiki haijaisha, mambo ni yaleyale. Wenzangu kila mtu na lake. Huyu anasema mawazo, yule anasema malaria (nimepima, hakuna), mwingine anasema fundi niliyechukua nafasi yake ameniendea kwa mganga. Mimi nasema ni thina. Kuna aliyepitia hili?

#2 Mnubi_Bombo
Kaka, Krismasi ulikwenda Arua, wazee wakakutajia mahari, ukarudi Kampala huna usingizi. Hiyo thina ina majina ya ng'ombe.

Pole lakini. Ngoja wenye elimu waje.

#3 Nesi_Mukono
Sprei, pole sana. Thina kwa kawaida ni mchanganyiko wa viyeyusho: toluini, zaileni, asetoni na wenzake. Vinapaa haraka, vinaingia kwa mapafu, vinapanda kwenye ubongo, na vinapenda mafuta ya mwili, kwa hiyo havitoki vyote saa unapofunga kazi. Wanaovivuta kwa muda mrefu hulalamika hayohayo uliyoyataja: usingizi mbovu, kusahau, hasira za karibu, kuumwa kichwa. Miaka ya 1970 nchi za Skandinavia zilichunguza sana wapaka rangi wao kwa sababu ya matatizo haya ya ubongo na hisia, na ni moja ya sababu rangi za maji zikapewa nafasi kubwa kule.

Sijasema ndiyo yako. Nijibu kwanza: unapulizia ndani au nje? Unavaa nini usoni? Na unalala wapi?

#4 Mwalimu_Jinja
Nesi, nina swali la haki. Thina inalewesha. Watoto wa mitaani wanaovuta gundi ya viatu wanasinzia barabarani mchana kweupe. Sasa kitu kinacholaza mtu kitamkoseshaje mtu usingizi? Mimi naona tunarukia kemikali kwa sababu ina harufu. Kampala hakuna anayelala! Disko upande huu, mkesha wa maombi upande ule, boda zinapita mpaka alfajiri. Arua kijijini kuna giza na kimya. Mpelekeni mtu yeyote wa Ndeeba kijijini wiki moja, atalala.

#5 Mama_Maua
Mwalimu, kelele zipo, lakini usizifanye kuwa jibu la kila mtu. Mimi niko shamba la maua upande wa ziwa, barabara ya Entebbe. Nakaa mahali pa kimya kabisa, unasikia vyura tu. Na bado, siku wanapopulizia dawa kwenye grinihausi halafu wakatuingiza kuchuma mapema, usiku wa siku hiyo silali. Natokwa jasho, mate yanajaa mdomoni, macho yanauma nikitazama taa, na ndoto ni za kutisha. Si mimi peke yangu. Tuko akina mama kadhaa kwenye mstari wetu, na asubuhi tunaulizana "na wewe?" kabla hata ya kusalimiana. Siku tukiwa kwenye kufunga maua, mbali na dawa, tunalala.

Kaka Sprei, wewe unaota ndoto za namna gani? Maana zangu haziko kama ndoto za kawaida, zina rangi kali mno, na naziona kabla sijapotea vizuri.

#6 Nesi_Mukono
Dada Mama_Maua, maelezo yako yana maana sana. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ile kemikali ambayo mishipa ya fahamu hutumia kupashana habari. Isipovunjwa inazidi, ndiyo unapata mate, jasho, machozi, tumbo kukata. Asetilikolini hiyohiyo ndiyo inayoendesha usingizi wa ndoto, kwa hiyo ikizidi, ndoto zinakuwa kali na usingizi unakatikakatika. Kuna kipimo cha damu cha hicho kimeng'enya. Shida ni kwamba watu hutofautiana kwa asili, na ili kipimo kiseme kitu cha uhakika inafaa mtu apimwe kabla ya msimu wa kupulizia, kisha apimwe tena. Akipimwa mara moja tu akiwa tayari mgonjwa, kampuni itasema "hicho ndicho kiwango chake".

Mwalimu, jibu lako: ukiivuta, inalewesha, kweli. Tunachozungumzia hapa ni miezi na miaka ya kuvuta kidogokidogo, na hali ya mwili saa ile dawa inapotoka. Pombe nayo humlaza mtu, na huyohuyo huamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio.

#7 Sprei_Ndeeba
Nesi, napulizia ndani. Tumezungushia mabati na turubai ili vumbi lisishike kwenye rangi mbichi, dirisha hakuna. Usoni nafunga kitambaa, siku nyingine ile maski nyeupe ya karatasi. Jioni nakunywa maziwa nusu lita kusafisha kifua, mafundi wote tunafanya hivyo.

Nalala chumba cha nyuma ya gereji hapohapo. Mzee alinipa bure ili niangalie magari ya wateja. Makopo ya rangi na thina tunayafungia humo usiku, yasiibiwe.

#8 Mnubi_Bombo
Subhana! Unalala na mapipa ya thina halafu unatuuliza kwa nini hulali?

#9 Nyanya_Wakiso
Hilo la maziwa hata sisi wakulima tunalo. Ukimaliza kupulizia nyanya, nusu lita na mandazi. Baba yangu alitufundisha.

#10 Nesi_Mukono
Maziwa ni chakula kizuri, yanyweni kwa sababu hiyo. Hayasafishi mapafu, yanaenda tumboni. Thina iliyoingia kwa pumzi iko kwenye damu tayari, haikutani na maziwa njiani. Ubaya wake ni kwamba fundi akishakunywa anajiona amekingwa, kesho anaingia tena na kitambaa.

#11 Bodi_za_Basi
Nesi, kwa risasi (ile metali ya kwenye betri) maziwa yanasaidia kidogo. Mtu mwenye kalisi ya kutosha hafyonzi risasi nyingi kama mwenye upungufu. Nilielezwa hivyo na daktari wa kazi nilipokuwa Mombasa kwenye karakana ya betri. Na ile ya betri ndiyo inayotesa: tumbo linafunga, viungo vinauma, usiku unageukageuka. Ila kwa thina niko na wewe, maziwa ni bure.

Sasa Sprei, mimi nimejenga na kupaka mabasi muda mrefu. Wote hapa mnazungumza thina. Hakuna aliyeuliza habari ya hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi. Unatumia rangi ya kawaida inayokauka yenyewe, au ile ya kuchanganya na hadina kwenye kikombe?

#12 Tiira_Busia
Naomba niingize ya kwetu. Huku Busia upande wa Tiira ni dhahabu. Tunasaga mawe, tunachanganya na zebaki, zebaki inashika dhahabu, halafu tunachoma ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Kaka yangu mkubwa ndiye mchomaji. Mikono inamtetemeka mpaka kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na usiku anatembea uani kama mlinzi. Amekuwa mkali, mtu aliyekuwa mpole kabisa. Mkewe alidhani ana mwanamke nje. Zebaki inafanya hivyo kweli, au tutafute sababu nyingine?

#13 Mwalimu_Jinja
Zebaki ni hatari ukiimeza. Kuchoma si tatizo kubwa, inapaa juu inakwenda zake.

#14 Nesi_Mukono
Hapana Mwalimu, ni kinyume chake, na hili watu wa Busia walisikie vizuri. Zebaki ya maji ukiimeza, nyingi hupita tumboni ikatoka bila kufyonzwa. Mvuke wake ndio hatari: ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, na unafika kwenye ubongo. Na haihitaji moto mkali ili ianze kupaa, hata kwenye joto la kawaida la chumba inapaa polepole. Kutetemeka mikono, hasira, haya ya ghafla, kukosa usingizi: hizo ni dalili za zebaki zinazojulikana tangu enzi za watengeneza kofia wa Ulaya walioitumia kulainisha manyoya.

Tiira, kaka yako anachomea wapi?

#15 Tiira_Busia
Jikoni. Kwenye sigiri ileile ya kupikia, kwenye sufuria ya zamani. Akichomea nje anaogopa watu kuona dhahabu.

#16 Sheria_Kwanza
Tiira, hiyo ni hatari kwa nyumba nzima, watoto kwanza. Na kisheria: Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, na sheria ya madini ya 2022 imepiga marufuku kuitumia. Najua sokoni bado inauzwa kwa vichupa. Kuna kifaa kinaitwa ritoti, chungu cha chuma chenye bomba kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mchomaji akikitumia hapotezi hata zebaki yenyewe, anaitumia tena. Bado si salama kabisa, lakini si sawa na sufuria wazi jikoni.

#17 Askari_Ntinda
Mimi ni mlinzi wa usiku, nasoma tu kimya siku zote. Leo nimeguswa na hiyo sigiri.

Sisi walinzi tunajifungia kwenye kibanda na sigiri ya makaa msimu wa mvua. Mwenzangu mmoja alikutwa asubuhi amekufa, uso wake mwekundu mwekundu, watu wakasema ni sumu ya chakula. Daktari akasema ni hewa ya makaa. Haina harufu, hujui. Ikiwa kidogo hufi, unaamka na kichwa kinapasuka, kichefuchefu, na unajiona hukulala. Saa sita mchana kinapungua, unadhani umepona. Sprei, hicho chumba chako kisicho na dirisha, unapikia wapi? Kama unaingiza sigiri ndani usiku, mimi naacha thina na zebaki zote, naanza hapo. Arua bila shaka ulilala nyumba ya nyasi inayopitisha hewa.

#18 Sprei_Ndeeba
Askari, msimu wa baridi naiingiza, ndiyo. Napika mukene na posho nje, halafu makaa yaliyobaki yanapasha chumba. Sikuwahi kufikiri. Lakini mbona hata siku zisizo na sigiri silali?

Nyumbani Arua ni nyumba ya matofali na bati, kaka. Usitudharau watu wa West Nile!

Bodi_za_Basi, natumia zote mbili. Magari ya bei kubwa mzee anataka ile ya hadina, inang'aa zaidi.

#19 Bodi_za_Basi
Nilijua. Sikiliza basi. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali iitwayo isosayaneti. Hiyo haitafuti ubongo, inatafuta kifua. Mwili wa baadhi ya watu huizoea vibaya, ukishaikataa, kidogo tu kinatosha kukuletea pumu. Na ubaya wake mara nyingi haikushiki pale kazini. Inakushika saa kadhaa baadaye, jioni au usiku wa manane, kifua kinabana, unakohoa, unaamka moyo unadunda na jasho. Mtu anasema "nina ndoto mbaya", kumbe pumzi ilikuwa inamkatika. Ukienda likizo unapona. Ukirudi, wiki moja, imeanza tena. Hesabu yako yote imo humo.

Mimi niliacha kupaka kwa sababu hiyo. Jiulize: unakohoa usiku? Unapiga mluzi kifuani? Siku za hadina ni mbaya kuliko siku za rangi ya kawaida?

#20 Sprei_Ndeeba
Nakohoa. Nilidhani ni vumbi la pati tunapopiga msasa. Siku za hadina sijawahi kuzitenga, kazi zinachanganyika.

#21 Mke_wa_Seremala
Naombeni nafasi na mimi. Mume wangu anapiga vanishi na lakeri kwenye fanicha, tuko Bwaise. Yeye analala, tena anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Tatizo ni kwamba katikati ya kukoroma ananyamaza kabisa, pumzi hakuna, mimi nahesabu, halafu anashtuka kama anayezama majini. Mchana anasinzia na msumeno mkononi, jambo linalonitisha zaidi. Hii nayo ni ya kemikali?

#22 Nesi_Mukono
Mama, hiyo ni kusimama kwa pumzi usingizini, ina tiba na haifai kupuuzwa. Watafiti wa Sweden miaka ya 1990 waliona hali hii ikijitokeza zaidi kwa baadhi ya wafanyakazi wanaoshika viyeyusho, wakahisi kwamba viyeyusho vinadhoofisha udhibiti wa ubongo juu ya koo na pumzi. Si tafiti zote zilizokubaliana. Sababu za kawaida zaidi ni unene, shingo nene, pombe ya jioni, umbo la koo. Mume wako ni mnene? Anakunywa?

#23 Mke_wa_Seremala
Mwembamba kama ufito. Waragi anakunywa, kidogo, anasema inatoa vanishi kwenye damu.

#24 Nesi_Mukono
Inafanya kinyume. Toluini na zaileni huvunjwa na ini, na pombe huvunjwa na ini hilohilo. Ukinywa baada ya kazi, ini linashughulikia pombe na vile viyeyusho vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Tena pombe inalegeza koo, ndiyo kukoroma na kunyamaza huko kunazidi. Mwambie aache waragi ya jioni kwanza muone, kabla hatujaihukumu vanishi. Na msumeno asiushike akiwa anasinzia, tafadhali sana mama.

#25 Mnubi_Bombo
Waragi imetajwa, nangoja mtu ataje mairungi (miraa).

#26 Dereva_Malaba
Naitaja mimi. Sisi madereva wa malori tunatafuna ili tufike Kampala, tukifika hatulali, halafu tunasema ni moshi wa dizeli. Kwenye gereji nyingi nimewaona mafundi wa zamu ya usiku wanatafuna. Sprei, sema ukweli mbele ya wakubwa.

#27 Sprei_Ndeeba
Sitafuni. Chai ya tangawizi tu.

#28 Pampu_Masaka
Nauza mafuta kwenye pampu, zamu ya usiku. Kichwa kinaniuma na mchana silali. Nilisoma kwamba petroli ina risasi, ndiyo inaharibu akili za wauza mafuta. Kweli?

#29 Bodi_za_Basi
Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Algeria ndiyo ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, 2021. Kwa hiyo ukiwa kijana wa sasa, risasi ya kwenye pampu si yako. Petroli bado ina benzini na toluini, usiivute na usifyonze kwa mpira kwa mdomo.

#30 Mwalimu_Jinja
Pampu, wewe ndiye mfano wangu. Unafanya kazi usiku, unalala mchana. Mwili una saa yake, na mwanga wa jua unaisukuma. Mchana kuna joto la bati, watoto, redio ya jirani. Hata ukiuza maziwa badala ya petroli, zamu ya usiku itakunyima usingizi. Nasisitiza hili kwa sababu tukibeba kila kitu tukaweka kwa kemikali, mwajiri atanunua maski mia moja na kuendelea kuwafanyisha watu usiku sita mfululizo.

#31 Nyanya_Wakiso
Mwalimu hapo umesema la maana, lakini kemikali usizisafishe pia. Kwetu Wakiso walikuja watafiti, wakawauliza wakulima wadogo kuhusu usingizi na wakapima mabaki ya dawa kwenye mikojo yao. Walioonekana kuguswa zaidi na baadhi ya dawa walikuwa na matatizo zaidi ya usingizi. Si za wadudu tu. Hata ya ukungu, mankozebu, ile tunayopiga kwenye nyanya kila mvua ikinyesha, na ya magugu.

#32 Mwalimu_Jinja
Mkulima anayepulizia sana ni yupi? Ni yule ambaye nyanya zake zinakufa, ana deni la mbegu, na bei sokoni imeanguka. Huyo atalala? Mkojo una dawa na kichwa kina deni, kipi kimemkesha?

#33 Nyanya_Wakiso
Deni ninalo mwaka mzima. Mate kujaa mdomoni na misuli kurukaruka kwenye kope nakuwa navyo wiki ya kupulizia tu. Deni halirukishi kope, Mwalimu.

#34 Mama_Maua
Asante Nyanya. Hicho ndicho tunachoambiwa ofisini kila mara: stresi, umri, watoto, mume. Kila kitu isipokuwa dawa. Mwaka 2016 kuna shamba moja la maua huku Wakiso ambapo wafanyakazi wengi walidhurika baada ya metamu sodiamu kutumiwa kuua vijidudu vya udongoni. Hiyo dawa ikikutana na udongo wenye maji inatoa gesi inayochoma macho na mapafu. Siku ile watu walianguka wakaonekana, na gazeti likaandika. Sisi tusioanguka, tunaokosa usingizi tu, hakuna anayetuandika. Hakuna kitabu pale zahanati ya shamba chenye safu ya "usingizi". Ukienda unapewa Panadoli na kupimwa malaria.

Sitaki fidia. Nataka muda wa kuingia uheshimiwe. Lebo inasema usiingie kabla ya saa kadhaa kupita baada ya kupulizia, msimamizi anasema maua yatafunguka yapoteze bei.

#35 Sheria_Kwanza
Mama_Maua, sheria ya usalama na afya kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, asiwanunulishe wafanyakazi, na akague hatari zenyewe. Ipo pia sheria ya fidia ya wafanyakazi, yenye orodha ya magonjwa ya kazi. Kikwazo ni ushahidi. Kukosa usingizi peke yake ni vigumu kukubeba mahakamani. Lakini mkiandika, kila mmoja kwenye daftari, tarehe, dawa iliyopuliziwa, saa mlizoingia, usiku ulivyokuwa, na mkiwa wengi, hilo linazungumza. Mkaguzi wa kazi wa wilaya akija, mpeni daftari, msimpe malalamiko ya mdomo. Na pitisheni kwa chama chenu cha wafanyakazi, asiende mmoja peke yake.

#36 Nesi_Mukono
Nakubaliana na daftari. Sprei, nawe fanya hivyo. Tenga siku za hadina, siku za thina tupu, na siku za msasa. Andika kikohozi. Hamisha makopo yote nje ya chumba leo, na nguo za kazi zisiingie ndani. Sigiri usiiingize tena hata iwe baridi namna gani. Maski ya karatasi huzuia vumbi tu, mvuke unapita. Unahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na vichujio vinaisha nguvu, vibadilishwe.

#37 Bodi_za_Basi
Kwa hadina hata hiyo ya mkaa usiitegemee. Isosayaneti haina harufu ya kukuonya kichujio kikichoka, utajua umechelewa. Kwenye karakana zenye utaratibu wanapulizia ndani ya chumba chenye feni ya kuvuta hewa, na fundi anavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Na usinunue vichujio vya soko la Owino vilivyofunguliwa, vile vimeshavuta hewa ya wenyewe.

Na Nesi, naona bado unamvuta kwenye thina na ubongo. Mpelekeni apulize kipimo cha pumzi, asubuhi na jioni, siku za kazi na siku za mapumziko. Ikishuka siku za kazi, tumejua.

#38 Askari_Ntinda
Na mimi bado nasema ni makaa. Ladha ya mdomoni asubuhi, kichwa kizito, kusahau. Hewa ya makaa hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, nilielezwa hivyo siku ya msiba. Aondoe sigiri peke yake kwanza, makopo yabaki. Akiondoa vyote pamoja hatajua kilichokuwa kinamuumiza.

#39 Mama_Maua
Askari! Unataka kaka wa watu aendelee kulala na thina ili sisi tupate jibu? Aondoe vyote. Kujua ni baadaye.

#40 Askari_Ntinda
Dada, mwaka ujao atarudi humu kuuliza tena, kwa sababu mzee wa gereji atamwambia "uliondoa sigiri, umepona, rangi haina neno, endelea".

#41 Mwalimu_Jinja
Hapo Askari ana hoja, ingawa na mimi nataka makopo yatoke. Ukishapona, mwajiri atachagua sababu isiyomgharimu.

#42 Tiira_Busia
Nesi, samahani nakurudisha. Kaka amekubali kupimwa. Ni damu au mkojo? Na mkewe ananyonyesha.

#43 Nesi_Mukono
Kwa mvuke wa zebaki ni mkojo zaidi. Damu inaonyesha ya siku za karibuni. Hospitali ya wilaya huenda isiwe na kipimo, waombe rufaa, na chombo cha mkojo wakupe wenyewe, msitumie chupa ya soda. Mkewe na mtoto wapimwe pia, waeleze wazi kwamba mnachoma jikoni. Asiache kunyonyesha kabla hajamwona daktari. Kuchoma jikoni ndiko kukome leo.

#44 Sprei_Ndeeba
Nimetoa makopo, nimeyafungia kwenye gari bovu. Mzee amekasirika, anasema yakiibiwa nalipa mimi. Nimeangalia kopo la hadina, maandishi ni ya Kijerumani na kuna picha ya mtu mwenye kitu kimelipuka kifuani. Hiyo ndiyo isosayaneti?

#45 Bodi_za_Basi
Hiyo picha inaonya juu ya madhara makubwa ndani ya mwili, mapafu yakiwemo. Piga picha lebo nzima uiweke hapa. Dereva, wewe si umewahi kubeba mizigo ya Wajerumani? Njoo tusome.

#46 Dereva_Malaba
Mimi najua neno moja tu la Kijerumani, nalo ni la breki. Weka picha tutafute mtu.

#47 Mama_Maua
Mkishamaliza ya Kijerumani, mnisaidie na mimi. Tuna kikao cha wafanyakazi Jumatatu. Nataka sehemu ya lebo inayosema muda wa kuingia baada ya kupulizia iandikwe kwa Kiswahili na Kiganda, kwa herufi kubwa, tuibandike mlangoni mwa grinihausi. Nani anaweza kuandika vizuri?

#48 Sheria_Kwanza
Nitumie lebo, Kiswahili naandika mimi. Kiganda tumwombe Nyanya.

#49 Nyanya_Wakiso
Leteni.